London na familia: mwongozo wa siku nne za kuisoma historia yake kwa miguu

Tulikwenda London watu watano: mimi na mke wangu, binti yetu wa miaka 13, mdogo wake wa miaka 8, na mama yangu ambaye amekwisha vuka sabini. Siku ya kwanza tulipanda basi la watalii la ghorofa mbili tukapitishwa mbele ya kila jengo lenye jina. Jioni nikamwuliza mwanangu ameona nini. Akafikiri, kisha akasema ameona kofia ya mtu aliyekaa mbele yake. Mama naye alikuwa amepiga picha nyingi, lakini hakujua ipi ni ya nini.

Usiku ule tuliifuta ratiba tuliyokuwa nayo tukaandika nyingine. Kanuni yake ilikuwa moja: kila siku swali moja, mtaa mmoja, na mwendo ambao bibi na mtoto wanaweza kuumudu. Siku zilizofuata zilikwenda vizuri kiasi kwamba nimewaelekeza ndugu na marafiki kadhaa wapite njia ileile. Haya ndiyo ninayowaambia.

Hatua ya kwanza: kabla ya kufunga mizigo

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji viza ya mgeni kuingia Uingereza, na kila mtu huombewa yake, hata mtoto mchanga. Anzeni mapema, kwa sababu kuna miadi ya kutoa alama za vidole, na familia nzima inapaswa kupata nafasi. Kama mtoto anasafiri na mzazi mmoja tu, au na bibi yake, beba barua ya ridhaa ya mzazi anayebaki pamoja na cheti cha kuzaliwa. Mtoto mwenye jina la ukoo tofauti na la anayesafiri naye huulizwa maswali mpakani, na karatasi hizo mbili huyamaliza haraka.

Kazi kubwa zaidi kabla ya safari ni maswali. Kaeni mezani wiki moja au mbili mapema mgawane. Sisi tulichelewa, tukaandika manne usiku ule wa kwanza: Ni nini kimewahi kuubomoa mji huu, na nani akaujenga tena? Nani alihamia hapa, na alikuwa anakimbia nini? Utajiri huu ulitoka wapi? Na nani aliachwa nje? Tukayagawana. Mtoto aliyebeba swali hutembea tofauti kabisa na mtoto aliyebebwa na ratiba. Mdogo wetu alichukua la kubomoa, na kwa siku nne alikuwa anagusa kuta akitafuta mahali palipoungua.

Nunueni ramani ya karatasi, kubwa, inayokunjuka. Simu ina ramani bora, lakini simu humwonyesha mtu mmoja, na humwonyesha mtaa mmoja tu. Kwenye karatasi mtoto anauona mto Thames ukijipinda kutoka upande mmoja hadi mwingine, na anaelewa bila kuambiwa kwamba mji umekaa hapo kwa sababu ya mto. Mtaiandika, kwa hiyo mchukue na kalamu za rangi.

Hatua ya pili: namna ya kwenda huku na huko

Kila mtu mzima awe na kadi yake ya benki ya kugusa, au anunue kadi ya usafiri ya Oyster. Watu wawili hawawezi kugusa kadi moja kwa safari moja. Nauli za siku nzima zina kikomo, na mkikifikia mfumo wenyewe huacha kuwatoza zaidi. Watoto walio chini ya miaka 11 hawalipi kwenye mabasi, wala kwenye treni za chini ya ardhi wakiwa na mtu mzima. Wa miaka 11 hadi 15 hupata punguzo la wageni, lakini lazima umwombe mhudumu wa kituo aliweke kwenye Oyster ya mtoto. Sisi hatukujua hilo, na kwa siku mbili binti yetu alilipa nauli ya mtu mzima.

Ndani ya basi unagusa kadi unapopanda tu. Kwenye treni unagusa unapoingia na unapotoka. Kwenye reli nyepesi ya DLR vituo vingi havina mageti, kuna nguzo tu zenye kisomea kadi, na ni rahisi sana kupita bila kugusa ukaja kutozwa faini. Mpeni mmoja kazi ya kukumbusha.

Kwa mzee mwenye magoti mabovu au mtoto wa kigari, angalieni kwanza kama kituo kina lifti. Mtandao huu ulianza tarehe 10 Januari 1863, kati ya Paddington na Farringdon, wakati treni zilivutwa na injini za mvuke chini ya ardhi, na stesheni nyingi za zamani zina ngazi tu. Ramani inayoonyesha stesheni zisizo na ngazi ipo, na ukimwuliza mhudumu atakuelekeza. Basi ni rahisi zaidi kwa mzee: mabasi yote ya mji yana sakafu ya chini na daraja dogo la kigari, na dirishani kuna cha kutazama. Epukeni asubuhi kabla ya saa tatu na nusu na jioni kuanzia saa kumi, siku za kazi. Umati wa saa hizo si wa kumwingiza bibi.

Hatua ya tatu: siku ya ukuta na moto

Siku hii iwe Jumamosi au Jumapili. Kitovu cha zamani cha London, kile wanachokiita City, siku za kazi hujaa watu wa benki wanaotembea kwa kasi. Mwisho wa wiki hutulia, na watoto wanaweza kusimama katikati ya njia wakitazama juu bila kusukumwa. Lakini mikahawa mingi pia hufunga, kwa hiyo bebeni chakula. Mwendo wote hauzidi kilomita 3.

Anzeni kituo cha Tower Hill. Wageni wengi hutoka hapo wakakimbilia ngome, wakiipita kwa hatua chache sehemu ya ukuta wa Kirumi. Simameni hapo kwanza. Warumi walianzisha mji huu, wakiuita Londinium, karibu na mwaka 50 baada ya Kristo. Mwaka 60 au 61 Malkia Boudica, aliyewaongoza watu wa kabila lake waliodhulumiwa na Warumi, aliuchoma hadi chini. Wanaakiolojia wakichimba City bado hukuta tabaka la udongo mwekundu uliookwa na moto ule. Ukuta ulijengwa baadaye, karibu na mwaka 200. Waambieni watoto watafute mistari ya vigae vyekundu inayopita katikati ya mawe: hiyo ndiyo kazi ya Warumi. Mawe ya juu yaliongezwa na watu wa Zama za Kati. Kwa hiyo ukuta mmoja una mafundi waliopishana kwa karne nyingi, na jicho la mtoto linaweza kuona mpaka wao. Mwanangu alitumia robo saa hapo. Msimharakishe mtoto mahali kama hapo.

Kuingia ngome yenyewe, Tower of London, kunagharimu fedha nyingi kwa familia, na kunahitaji nusu siku. Kama bajeti haitoshi, zungukeni handaki lake kwa nje mkisimulia. Mnara Mweupe ulianzishwa na William Mshindi katika miaka ya 1070, ili wakazi wa London waliokuwa wameshindwa vitani wauone kila siku na waogope. Watoto lakini wanataka wanyama, na wapo. Wafalme walifuga humo simba, na mwaka 1252 Henry III alipewa zawadi ya dubu mweupe kutoka Norway, akawa anapelekwa kuvua samaki mtoni Thames akiwa amefungwa kamba. Mwaka 1255 akaja tembo, zawadi ya mfalme wa Ufaransa. Aliishi miaka miwili hivi akafa. Binti yangu aliuliza tembo yule alitolewa wapi na kina nani. Sikuwa na jibu zuri, ila swali lake lilimfungua mama, ambaye alikuwa kimya tangu asubuhi.

Kutoka hapo tembeeni kuelekea magharibi hadi St Dunstan-in-the-East. Hili ni kanisa lililoharibiwa na moto wa 1666, likatengenezwa, likaongezewa mnara na msanifu majengo Christopher Wren, kisha likapigwa mabomu mwaka 1941. Hawakulijenga tena. Kuta ziliachwa zimesimama bila paa, na ndani pakafanywa bustani. Mitambaazi inapanda kwenye madirisha yasiyo na vioo. Kuna mabenchi, ni bure, na ni mahali pazuri pa kula mlichobeba. Mpumzisheni mzee miguu nusu saa.

Dakika chache mbele kuna Monument, mnara wa ukumbusho wa Moto Mkuu. Moto ulianza usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 2 Septemba 1666, katika tanuri la mwokaji mikate Thomas Farriner, mtaa wa Pudding Lane. Upepo wa mashariki, nyumba za mbao zilizobanana, na meya aliyechelewa kuamuru nyumba zibomolewe ili kuukatia moto njia. Katika siku nne ziliteketea nyumba zipatazo 13,200 na makanisa 87. Mnara, uliojengwa kati ya 1671 na 1677, una futi 202, takriban mita 61, na umbali huohuo ndio uliopo kutoka msingi wake hadi lilipokuwa tanuri. Ndani kuna ngazi 311 za kuzunguka, bila lifti. Anayepanda na kushuka hupewa cheti. Sisi tuligawanyika: mke wangu alipanda na watoto, mimi nikabaki chini na mama.

Kubaki chini si hasara, kwa sababu simulizi kubwa zaidi imo kwenye msingi. Mwaka 1681, miaka 15 baada ya moto, yalichongwa pale maneno ya kuwasingizia Wakatoliki kwamba ndio waliouwasha mji. Haikuwa kweli. Maneno hayo yalifutwa, yakachongwa tena, na hayakuondolewa kabisa hadi 1830. Nilimsimulia mama hayo, naye akasema kwamba jiwe linaweza kudanganya kama mtu, tofauti ni kwamba jiwe halichoki. Watoto waliposhuka niliwaeleza, na tangu hapo wakawa wanauliza kwenye kila kibao: nani aliandika hiki, na lini?

Kama nguvu bado zipo, pitieni hekalu la Mithras, mungu aliyeabudiwa na Warumi, lililo chini ya jengo la Bloomberg, karibu na kituo cha Bank. Kuingia ni bure, ila weka nafasi mapema mtandaoni. Mabaki yake yalifukuliwa mwaka 1954 kwenye kiwanja kilichobomolewa na mabomu ya vita, na sasa unashuka takriban mita 7 hadi kwenye usawa wa ardhi ya Warumi. Mita hizo 7 ni kifusi, majivu, taka na makaburi ya karne kumi na tisa. Hakuna maelezo ya historia yaliyomwingia mtoto wangu kama kushuka ngazi zile.

Malizieni kanisa kuu la St Paul's, alilolijenga Wren kati ya 1675 na 1710 mahali pa lile lililoungua. Jumapili halipokei watalii, lakini ibada ziko wazi kwa yeyote na hazina kiingilio. Kuanzia tarehe 7 Septemba 1940 ndege za Ujerumani ziliupiga mji huu usiku 57 mfululizo, na watu wa kujitolea walikesha juu ya paa la kanisa hili wakizima mabomu ya moto. Kisha teremkeni hadi Millennium Bridge, daraja la waenda kwa miguu lililofunguliwa Juni 2000, likayumba chini ya watu, likafungwa baada ya siku mbili na kurudi 2002 likiwa limeimarishwa. Watoto wataruka juu yake kulijaribu. Ng'ambo kuna Tate Modern, jumba la sanaa lililokuwa kiwanda cha umeme, lenye vyoo na viti vya bure.

Tahadhari moja ya mtoni: Thames hupanda na kushuka na bahari, tofauti ikifika mita 7, na maji yakitoka ufuko wa matope huonekana ukiwa na vigae na vipande vya kiko vya udongo. Watoto watataka kuokota. Hairuhusiwi kutafuta wala kuchukua bila kibali cha mamlaka ya bandari, na maji hurudi kwa kasi kuliko mtu anavyodhani. Tazameni kutoka juu.

Hatua ya nne: siku ya waliohamia

Siku hii ni fupi makusudi, maana miguu bado inauma. Shukeni Aldgate East mtembee hadi kona ya Brick Lane na Fournier Street. Pale pana jengo la matofali lisilovutia macho, na kama ningeambiwa nichague jengo moja tu la kuwaonyesha wanangu London nzima, ningechagua hilo.

Lilijengwa mwaka 1743 kama kanisa la Wahuguenoti, Waprotestanti wa Ufaransa walioikimbia nchi yao baada ya Mfalme Louis XIV kuwanyang'anya haki ya kuabudu mwaka 1685. Wengi walikuwa wafumaji wa hariri. Inueni macho kwenye nyumba za Fournier Street: madirisha mapana ya ghorofa za juu kabisa yaliwekwa ili vitanda vya kufumia vipate mwanga. Baadaye jengo likawa kanisa la Wamethodisti. Mwaka 1898 likawa sinagogi la Wayahudi waliokimbia mateso katika milki ya Urusi. Nao walipohama mtaa, wakaja watu wa Bangladesh, na tangu 1976 ni msikiti. Paa ni lile lile. Ukutani, upande wa Fournier Street, kuna saa ya jua yenye mwaka 1743 na maneno mawili ya Kilatini, *Umbra sumus*, yaani "sisi ni kivuli".

Mwache mwenye swali la wahamiaji asimulie, si wewe. Binti yangu alikuwa ameandika kurasa mbili, na alitusimamisha barabarani kama mwalimu. Vibao vya mtaa vimeandikwa kwa Kiingereza na Kibengali, na kwa mtoto aliyekwisha jifunza kutazama, kibao kile ni ukurasa wa mwisho wa simulizi ileile, ambayo bado inaandikwa.

Ijumaa mchana msikiti hujaa. Nendeni wakati mwingine, au simameni kwa adabu upande wa pili, na msiwapige picha watu wanaokwenda kuswali.

Hatua ya tano: siku ya fedha

Siku hii ndiyo nzito, na ndiyo ambayo familia nyingi huikwepa. Naomba msiikwepe. Yaliyobaki yote, makanisa, benki, nyumba za ukoka mbele, yanaelezwa nusu tu bila hii.

Pandeni DLR kutoka Bank kuelekea Lewisham. Treni hizi hazina chumba cha dereva, kwa hiyo mtoto akiwahi kiti cha mbele kabisa ataiona reli yote kama anaiendesha yeye. Mpeni furaha hiyo, kwa sababu mwendako hakuna michezo. Shukeni Canary Wharf, mtembee hadi West India Quay.

Maghala ya matofali mtakayoyaona kando ya maji yalikuwa sehemu ya bandari iliyofunguliwa mwaka 1802 kwa ajili ya sukari, ramu na kahawa kutoka visiwa vya Karibi, mazao ya kazi ya Waafrika waliotumikishwa. Ilizungushiwa kuta ndefu ili mizigo isiibwe. Nilimwambia binti yangu asome sentensi hiyo mara mbili: watu walioibiwa nafsi zao, na ukuta wa kuzuia wizi wa sukari.

Ghala namba 1 sasa ni makumbusho ya Docklands, na kuingia ni bure. Kuna ukumbi wa sukari na utumwa, uliofunguliwa mwaka 2007, miaka 200 baada ya Bunge kupiga marufuku biashara ya watumwa. Mnaposoma, wekeni tarehe tatu kwa mpangilio. Mwaka 1807 biashara ilipigwa marufuku, lakini waliokwisha kufikishwa wakabaki watumwa. Mwaka 1833 ikapitishwa sheria ya kukomesha utumwa katika sehemu kubwa ya milki ya Uingereza. Pamoja nayo serikali ilitenga pauni milioni 20 za fidia, na fidia hiyo walipewa wamiliki. Waliotumikishwa hawakupewa kitu. Sehemu ya fedha ilikopwa, na deni hilo lilimalizwa kulipwa na walipa kodi mwaka 2015.

Jinsi ya kumwambia mtoto wa miaka 8? Usianze na idadi ya mamilioni, kwake hizo hazina sura. Anza na mtu mmoja. Sisi tulianza na Olaudah Equiano, aliyeuzwa akiwa mtoto, akajinunulia uhuru wake mwaka 1766, akaishi London, na mwaka 1789 akachapisha simulizi ya maisha yake mwenyewe, wakati vita vya kuikomesha biashara ile vikiendelea. Mtoto akimjua mmoja, atauliza wengine walikuwa wangapi. Hapo ndipo mjibu. Na mkae karibu naye, mkono begani. Mwanangu aliomba tutoke nje kabla ya kumaliza ukumbi, tukatoka, hatukumlazimisha. Mama ndiye aliyekaa naye kwenye kingo za maji. Sijui walizungumza nini.

Nje ya makumbusho tafuteni mahali palipokuwa na sanamu ya Robert Milligan, mfanyabiashara na mmiliki wa watumwa aliyeongoza ujenzi wa bandari hii. Iliondolewa tarehe 9 Juni 2020. Pale patupu pana jambo la kuzungumza kuliko sanamu yenyewe: je, iondolewe, iachwe na kibao kipya, au ipelekwe ndani? Katika familia yetu tulikuwa na majibu matatu, na hatukupatana.

Kisha geukeni muyatazame majengo marefu ya vioo ya benki za Canary Wharf, yaliyosimama juu ya bandari hiyohiyo. Msiongeze neno.

Hatua ya sita: siku ya walioachwa

Nendeni mtaa wa Bloomsbury, kituo cha Russell Square, ambako vitu viwili vinakaa umbali wa kutembea. Asubuhi ingieni British Museum, iliyoanzishwa mwaka 1753. Kuingia ni bure. Msijaribu kumaliza, hata watu wazima hawamalizi. Sisi tulikwenda kwenye kumbi za Afrika tu, chini, tukasimama mbele ya shaba za Benin zilizochukuliwa na jeshi la Uingereza lilipouvamia na kuuteketeza mji wa Benin, ulio Nigeria ya leo, mwaka 1897. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1963 huibana makumbusho isitoe vitu vyake, na Nigeria imekuwa ikidai vyake virudi. Waelezeni watoto pande zote mbili, kisha waacheni wachore. Kuchora humfanya mtoto atazame kwa dakika ishirini kile ambacho picha ya simu ingemaliza kwa sekunde mbili.

Mchana nendeni Foundling Museum. Thomas Coram, nahodha wa meli aliyechoshwa na kuona watoto wachanga wametupwa mitaani, alihangaika miaka mingi hadi akapata hati ya mfalme mwaka 1739 ya kuanzisha makao ya kuwalea, Foundling Hospital, na watoto wa kwanza wakapokelewa 1741. Mama aliyemleta mtoto aliacha alama: kitufe, sarafu iliyokatwa, kipande cha kitambaa, ili siku akirudi aweze kumtambua wake. Alama hizo zipo kwenye kabati za kioo. Zimebaki kwa sababu akina mama wengi hawakurudi kamwe. Mke wangu hakuweza kukaa chumbani mle. Jiandaeni, hasa kama kuna mzazi aliyewahi kupoteza mtoto.

Baada ya hapo wapelekeni watoto bustani ya Coram's Fields, palepale jirani, kwenye uwanja ambako hospitali ile ilisimama. Kibao cha getini kinasema mtu mzima haruhusiwi kuingia asipofuatana na mtoto. Mwanangu alikisoma kwa sauti, akamshika bibi yake mkono akamwingiza.

Mkipata saa ya ziada siku yoyote, piteni Broadwick Street, Soho, mwone pampu ya maji isiyo na mpini. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 500 mtaani hapo, na daktari John Snow akaonyesha, kwa kuhesabu vifo nyumba kwa nyumba, kwamba chanzo kilikuwa maji ya pampu. Mpini ukaondolewa. Ni dakika kumi tu, na mtoto hatasahau.

Hatua ya saba: jioni

Kila jioni, kabla ya kulala, ikunjueni ramani kitandani. Kila mtu aweke alama ya pale alipojifunza kitu na aandike mwaka mmoja tu kando yake. Msisahihishe mno. Ramani yetu ina 1666 mahali pasipo pake kabisa, na tumeiacha.

Hatua ya mwisho: mlango mmoja wa watu wa kwenu

Tangu 1867 London imekuwa ikibandika vibao vya duara, vingi vya buluu, kwenye nyumba walizoishi watu waliojulikana. Kabla ya kuondoka tafuteni kimoja kinachowahusu. Sisi asubuhi ya mwisho tulikwenda Pimlico, nyumba namba 95 Cambridge Street. Jomo Kenyatta aliishi humo kuanzia 1933 hadi 1937, akisoma anthropolojia chini ya Bronisław Malinowski, miaka mingi kabla ya mikutano ya katiba ya Kenya iliyofanyika jijini humuhumu, Lancaster House, kuanzia 1960 hadi 1963.

Ni nyumba ya watu. Msibishe hodi, msikae ngazini, msipige kelele. Simameni upande wa pili wa barabara, pigeni picha moja, muondoke. Mama alikuwa msichana wa miaka kumi hivi bendera ilipopandishwa Desemba 1963. Alikisoma kibao polepole, akatazama madirisha yote, kisha akamwuliza mwanangu anadhani Mzee alikuwa analala chumba kipi. Mtoto akaonyesha dirisha dogo la juu. Mama akasema hapana, pale pangekuwa na baridi mno kwake, akahesabu madirisha upya kuanzia chini.